Ndoo Yake Ilikuwa Kavu

Mwanangu aliingiza pua kwenye glasi taratibu, kama mtu anayechungulia chumba alimolala mtoto mchanga na hataki kumwamsha. Akafumba macho. Waonjaji wenzake, wote katika makoti meupe, walikuwa na glasi zao mbele yao, glasi za tumbo pana na mdomo uliobana, lakini macho yao yalikuwa kwake. Bia yenyewe ilikuwa nyeusi. Ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha ndipo wekundu wake unajitokeza chini, kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Povu lake lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Zabibu kavu," akasema, macho bado yamefumbwa. "Sukari iliyoungua, lakini haijafika kwenye uchungu. Ndizi iliyoiva ikapitiliza. Na karafuu, kwa mbali."

Akanywa. Akatabasamu.

"Nguvu zake imezificha vizuri. Mtu hatajua amekunywa nini mpaka ainuke kwenye kiti."

Wakacheka. Nami nikacheka, nimekaa ukutani pamoja na jamaa za wafanyakazi wengine, maana siku hiyo kiwanda cha bia kilikuwa kimewafungulia mlango watu wa nyumbani. Kifua kilinijaa. Huyu ndiye yule mtoto wangu aliyekuwa akinusa maziwa asubuhi na kuniambia, "Mama, haya hayafiki jioni," na kweli hayafiki. Alikuwa akiingia ndani akitoka kucheza, ananusa mto wa kiti tu, anasema shangazi alikuwa hapa. Mtaa mzima ulimwita Pua. Jina likamfuata mpaka kazini, na kazini likawa cheo.

Kazi hiyo nilikuwa nimeitetea kwa jasho. Jirani yangu mshonaji, ambaye mdomo wake unakwenda kasi kuliko cherehani yake, alikuwa haachi kunichokoza.

"Shoga, hivi mwanao ameajiriwa kulewa?"

"Halewi. Anaonja, halafu anatema."

"Anatema?"

"Ndiyo, anatema. Ni kazi ya kitaalamu ile."

Hakuna aliyeniambia kwamba anatema. Nilikuwa nimewaona kwenye televisheni watu wa mvinyo, wanasukutua kama wanaopiga mswaki kisha wanatema, basi nikajua na wa bia ni hivyo hivyo. Nililala usingizi mzuri miaka yote hiyo juu ya neno nililojitungia mwenyewe.

Siku ile pale kiwandani nikasubiri nimwone akitema. Hakutema. Hakuna aliyetema. Fundi mkuu, mzee mnene mcheshi ambaye ndiye mpishi wa bia zote za pale, alikuwa amesimama karibu nami. Nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Wanatemea wapi, baba?"

"Bia haitemwi, mama." Akagusa koo lake, chini ya kidevu. "Uchungu wa bia unakaa huku nyuma. Usipomeza, hujaionja. Hasa hizi za mtindo wa Ubelgiji, nyeusi na kali, zimelala chupani mwaka mzima. Utamu unakuja mbele, nguvu zinakuja nyuma, tena zimechelewa." Kisha, kama aliyeona uso wangu umebadilika, akaongeza, "Lakini ni mafunda mawili matatu tu. Mabaki yanakwenda kule."

Akanionyesha chini ya meza. Kando ya mguu wa kila mwonjaji palikuwa na ndoo ndogo. Nikazipitia moja moja. Ya yule mama mwenye miwani ilikuwa na dimbwi jeusi na povu juu yake. Ya kijana aliyekaa pembeni yake vilevile. Ya mwanangu ilikuwa kavu, inang'aa kama imetoka dukani asubuhi hiyo. Na glasi zake zote mbele yake zilikuwa tupu.

Fundi mkuu akafuata macho yangu, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Huyu Pua? Huyu ana adabu, hamwagi kazi ya wenzake!"

Meza nzima ikacheka tena, na mwanangu akainua mikono kama mtu aliyekamatwa. Nikacheka nao, meno yote nje, na huku ndani kitu kimenibana kama nguo iliyorudi baada ya kufuliwa.

Nyumbani nilimngoja mpaka amalize kula. Nikamwuliza kwa upole, maana ukimjia mtoto mkubwa kwa ukali anakufungia mlango na wewe uko ndani.

"Baba, wenzako wanamwaga. Wewe mbona humwagi?"

"Mama, bia ile inabadilika kadiri inavyopata joto. Funda la kwanza si la mwisho. Wao wanaondoka kabla haijamaliza kusema."

"Na wewe unangoja imalize."

"Ndiyo kazi yenyewe."

Alikuwa na jibu, na jibu lake lilikuwa zuri. Hapo ndipo mwanangu aliponishinda kila mara. Mlevi wa barabarani hana maneno, unamwona tu anayumba. Wangu hakuyumba. Hakutukana mtu, hakuvunja kitu, hakulala nje. Alirudi saa za kawaida, akavua viatu, akaniamkia, akakaa, akaanza kueleza juu ya hamira na sukari nyeusi mpaka ukatamani kuonja na wewe. Mke wake alikuwa akisikiliza akiwa amesimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Mumewe alipokwenda kuoga, alinisogelea.

"Mama, mimi nimeshasema mpaka ulimi umeota sugu. Anasema ni kazi. Jumapili nayo ni kazi. Chini ya ngazi mna chupa, anasema zinakomaa. Zikikomaa, nani anazinywa?"

"Umemwambia fundi mkuu?"

"Nimwambie nini? Kwamba mwajiriwa wake anafanya kazi kupita kiasi?"

Wewe unayesoma haya na mtoto wako kapata kazi kama hiyo, usiulize kama anatema au anameza. Uliza mabaki yanakwenda wapi. Uliza mapema, wakati bado anacheka ukimwuliza.

Siku moja nilikuwa uani naanika nguo. Nilikuwa nimeacha maziwa jikoni kwenye moto mdogo, na mwanangu amekaa pale pale mezani anasoma gazeti, siku yake ya mapumziko. Harufu ikanifuata mpaka kwenye kamba: maziwa yanaungua. Nikatupa shuka nikakimbia. Jikoni moshi ulikuwa umeshafika dirishani, sufuria inalia, na yeye kakaa hatua mbili tu kutoka kwenye jiko, mgongo kwa moto, anafunua ukurasa.

"Husikii harufu ya maziwa!"

Akageuka. Akauona moshi kwa macho. Nasema kwa macho, kwa sababu kabla ya kuuona uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

"Nilikuwa nimezama kwenye habari," akasema.

Nikamimina yale maziwa yaliyoungua kwenye chai yake, nikaweka sukari, nikampa. Nilitaka akunje uso. Nilitaka anitukane, Mungu anisamehe, aseme, "Mama, umenipa nini hiki?" Akanywa kikombe kizima. Akafuta midomo.

"Chai yako haijawahi kunikosea, Mama."

Mke wake alikuwa mlangoni. Alishika fremu ya mlango, akanitazama, akaondoka. Mimi nilibaki nikiosha ile sufuria, nikisugua weusi wa chini ambao hautoki, na nikaelewa jambo moja kisha la pili. Kwanza, pua ile imekwenda, na iliyoila ndiyo ile ile kazi yake. Pili, yale maneno matamu pale mezani, zabibu na karafuu na ndizi, alikuwa akiyatoa kichwani. Aliijua bia ile kama mtu anayeijua njia ya kwake gizani. Wala hakuwa anangoja imalize kusema. Alikuwa anaitafuta, funda kwa funda, mpaka chini ya glasi, na haimjibu.

Nimwambie nani? Nikienda kiwandani, namwondolea kazi, na jina lake ni kazi hiyo. Ukimvua hilo sijui chini yake mna nani. Nikinyamaza, kila siku ya kazi ni glasi zile zile na ndoo ile ile kavu. Nilizunguka na jambo hilo ndani ya nyumba kama mtu aliyeshika kitu cha moto na hana pa kukiweka.

Akaja mwenyewe. Alasiri moja mkewe akiwa hayupo, aliingia jikoni na chupa imefungwa kwenye mfuko wa karatasi, na glasi moja ya tumbo pana. Akakaa. Mikono yake ilikuwa inatafuta pa kukaa pia.

"Mama, nina shida."

"Najua, baba."

Nadhani alitaka kuuliza tangu lini, akaacha.

"Kesho wanakaa kuamua juu ya hii. Imelala mwaka mzima. Neno la mwisho ni langu: itoke au isitoke. Mara ya mwisho waliweka mezani moja iliyoharibika makusudi, huwa wanatujaribu hivyo. Wote waliikamata. Mimi niliisifu." Akacheka kidogo, bila sauti. "Fundi mkuu, yule anayecheka siku zote, hakucheka. Nikikosea na kesho, nimekwisha."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe ndiye uliyenipa hii pua. Nusa tu. Niambie kilichomo. Hata usinywe."

Akamimina bila haraka, glasi ameiinamisha kidogo, na povu likapanda rangi ya chai ya maziwa kama siku ile. Tukaingoja ipate joto. Hiyo nayo ni kazi, alisema, usiinuse ikiwa baridi, imejifunga. Tulikaa pale kama watu wanaomngoja mgonjwa aamke. Kisha akanisogezea.

Sijawahi kunywa bia. Nilifumba macho kwa sababu yeye alikuwa akifumba.

"Zabibu," nikasema. "Kavu."

"Zabibu kavu," akarudia, midomo ikifuata yangu.

"Sukari kama ya sufuria iliyosahaulika. Mkate mweusi. Karafuu ipo, lakini kidogo."

"Karafuu kidogo."

Nilifumbua jicho moja. Alikuwa amenikodolea macho mdomoni vile vile alivyofanya alipokuwa mdogo, nikipuliza uji wake upoe, hataki kukosa wakati utakapokuwa tayari. Nikarudisha pua ndani. Chini ya ule utamu wote palikuwa na kitu kingine. Si kikali. Kilinukia kama boksi la karatasi lililolowa mvua likakaukia ndani ya nyumba.

Nikaitoa pua kwenye glasi. Hata mimi nisiyeijua bia nilijua: hii imeharibika.

"Na nini kingine, Mama?"

Nikisema, kesho atayasema maneno yangu mbele ya meza ile, watashangaa, watamwita Pua, na alasiri ya kesho kutwa ataniletea chupa nyingine. Nisiposema, ataisifu, na wataona wenyewe. Vyovyote iwavyo, mkono utakaomsukuma ni wangu. Nilimtafuta ndani yangu yule mama anayejua la kufanya, ambaye watoto wote hudhani yupo, nikamkosa.

"Mama. Kuna kitu?"

"Hii iliyomo kwenye glasi," nikasema. "Tunaifanyaje?"

"Tutaimwaga."

"Nani?"

Sinki lilikuwa nyuma yangu, hatua moja. Nilitaka kuinuka nayo. Ndipo nikaona kwamba vidole vyake vilikuwa vimeshashika kitako cha glasi, chini kabisa, taratibu, kana kwamba havikutumwa. Mimi nimeshika juu, yeye ameshika chini, na ile bia nyeusi katikati yetu inatikisika kidogo.

Hakuvuta. Wala hakuachia.