Kikapu cha Zakayo

Elkanah hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hakuwa na picha ya baba yake, wala kitu chochote ambacho mkono wa baba yake uliwahi kukishika. Hakuwa na magego upande wa kushoto, hakuwa na leseni ya gari tangu macho yake yapungue nguvu, na pale Riverdale Park, Marekani, hakuwa na mtu wa rika lake wa kuzungumza naye lugha ya kwao. Shule ya mchana hakuiona. Alisoma jioni, Nairobi, baada ya kazi ya utarishi, mpaka akapata cheti cha uwekaji hesabu. Hicho alikuwa nacho. Kilining'inia ukutani sebuleni kwa binti yake Edah, ndani ya fremu aliyoinunua mwenyewe.

Sasa, kiangazi hiki, alikaribia kukosa hata mahali pa kuzikwa.

Habari ililetwa na Dunstan, katibu wa ukoo na mweka hazina wa parokia yao, kule magharibi mwa Kenya. Babu yake Dunstan aliitwa Musa, naye Musa alikuwa mdogo wa Zakayo, baba yake Elkanah.

"Baba Mkubwa, usinikasirikie," Dunstan alisema kwenye simu. "Mimi ni mdomo tu. Wazee wanaandikisha mashamba upya. Wanasema Zakayo alikufa bila mtoto, na wewe ulizaliwa baadaye."

"Baadaye kiasi gani?"

"Hapo ndipo maneno yalipo. Wengine wanasema mama alikupata njiani."

Elkanah alihamishia simu sikio la pili. "Waambie waliandike hilo, watie sahihi."

"Nao wanataka uandike wewe. Barua, Baba Mkubwa, yenye wino. WhatsApp hawaitaki. Wanasema hiyo hata mbuzi anaweza kuibonyeza."

Kwao jambo hili lilijulikana na kila mtu. Mjane akirithiwa na shemeji yake, watoto wanaozaliwa ni wa marehemu, na shamba ni lao. Lakini mjane akizaa nje ya ukoo, mtoto huyo hana shamba pale, wala kaburi. Walioshuhudia walikuwa wamekufa wote. Mama yake, aliyelala katika shamba lile lile, alimwambia tu kwamba Zakayo alifariki Elkanah akiwa mchanga.

Daftari la ubatizo lilikuwa limeliwa na mchwa. Yaliyopona ni madaftari ya hesabu, kwa sababu yalifungiwa ndani ya sanduku la bati pamoja na vyombo vya sadaka. Dunstan alipiga picha kurasa za miaka ile, Edah akazichapisha maktaba, na Elkanah akazisoma kwa kioo cha kukuzia, mezani jikoni, feni ikimpulizia shingo. Treni ilipopita nyuma ya nyumba kikombe kilitetemeka, naye aliweka kidole kwenye mstari asiupoteze. Mwandishi wa hesabu zile alikuwa mtu makini. Kila nyumba ilikuwa na mstari wake: mahindi ya mavuno, mayai, na kwa wanaoshiriki meza ya Bwana, mchango wa mkate na divai.

Akayakuta aliyoyaogopa. Mbao na misumari ya jeneza la Zakayo. Akailinganisha tarehe na ile ya pasipoti yake. Zakayo alikuwa kaburini zaidi ya mwaka mzima kabla Elkanah hajazaliwa.

Edah alirudi jioni kutoka makao ya wazee anakofanya kazi, akavua viatu mlangoni na kuketi bila kubadilisha sare.

"Baba, bado uko na haya makaratasi?"

"Nimeyamaliza. Lile kaburi ulilosema, linunue."

"La hapa Maryland? Lile la kando ya barabara?"

"Watu wa huku hata wakifa wanataka kusikia magari. Nitazoea."

Edah hakucheka. Alivuta kurasa, akazipekua polepole, kwa macho ya mtu aliyefanya shifti mbili. "Huyu Zakayo amekufa hapa. Mbona huku anaendelea kuleta mahindi?"

"Kosa la karani. Nimelipiga mstari. Maiti hatoi sadaka."

"Kosa kila mavuno, Baba? Miaka yote hii? Nani alikuwa anambebea?"

Elkanah alitaka kumjibu kama mkaguzi. Lakini akilini alimwona Musa siku ya mavuno, kikapu mkono huu na kikapu mkono huu, akipanda kilima kwenda kanisani. Yeye mwenyewe, mtoto, alikuwa nyuma akiangalia visigino vyake. Hakuwahi kuuliza kwa nini mtu mmoja abebe vikapu viwili.

Alichukua kioo. Chini ya mstari wake mwenyewe wa penseli, kwenye jina la Zakayo, mwaka aliozaliwa yeye, palikuwa na maneno aliyoyapiga mstari bila kuyasoma hadi mwisho: jogoo mmoja, shukrani kwa mtoto wa kiume. Akautafuta mstari wa Musa. Mahindi yalikuwepo, mayai yalikuwepo. Mchango wa mkate na divai ulikoma mwaka uliofuata kifo cha Zakayo, na katika kurasa zote zilizobaki haukurudi.

"Kanisa lilikataza kurithi mjane," alimwambia Edah. "Aliyerithi alitengwa na meza ya Bwana. Baba Mdogo Musa alikaa benchi la mlangoni mpaka alipokufa. Sisi watoto tulidhani anapenda upepo."

"Na hakuwahi kukuambia?"

"Angeniambia, ningekuwa wake. Alitaka niwe wa kaka yake."

Edah alifumba macho. "Sasa babu yangu ni nani?"

"Zakayo," alisema Elkanah. Kisha akaongeza, "Lakini anayekuja kichwani ni yule mwingine."

Alifuta mistari yake ya penseli mmoja mmoja kwa kifutio, akapuliza vumbi, akaandika barua. Haikuwa ndefu, mkono ulikuwa umechoka. Alieleza kuhusu jogoo, vikapu na mkate uliokoma, akataja kurasa ili wazee wazifungue wenyewe. Akaomba alale kando ya mama yake, katika shamba la Zakayo, upande unaotazama nyumba ya Musa.

"Nipe niiskani, itafika leo," alisema Edah.

"Wameomba wino."

Asubuhi alivaa koti la suti licha ya joto, akatembea hadi posta, akipumzika kila penye kivuli. Kwenye kaunta alitia kurasa ndani ya bahasha pamoja na barua. Ulimi ulikuwa mkavu, haukulowesha gundi. Alichovya kidole kwenye chupa yake ya maji, akakipitisha kwenye ukingo wa bahasha, akakandamiza kwa kiganja mpaka ikashika, kisha akamsukumia karani.