Waifai ya Chumbani

Tangu Mideva ateguke mguu kwa kuteleza kwenye matope, alikuwa akizungumza na binti yake Michelle akiwa kitandani. Ruta ya waifai ilikuwa sebuleni, chumba kiko mwisho wa nyumba, kwa hiyo sura ya Michelle, aliyekuwa kazini Doha, iliganda kwenye simu mdomo wazi.

Mathew, mumewe, akaenda Kakamega mjini akanunua kifaa cha kusambaza waifai. Akakichomeka kando ya kitanda, akasimama kifua mbele. Michelle akapiga. Akaganda vilevile.

“Baba Michelle,” Mideva akauliza kwa upole, “hapa kitandani mtandao unafikanga?”

“Haufiki. Ndiyo maana nimenunua hiki.”

“Sasa kitasambaza nini, kama chenyewe hakipati?”

Mathew akajikuna kisogo. Akakihamishia jikoni, katikati ya nyumba, ambako mtandao ulikuwa bado na nguvu. Mara hii Michelle akatokea waziwazi, hata hereni zake zikaonekana. Mathew akaja mbio, akajiingiza kwenye picha.

“Baba! Hiyo si aproni ya mama?”

Wiki nzima Mathew alikuwa akimwambia bintiye kwamba shangazi ndiye anayepika. Akatamani picha igande kidogo tu.

“Ni yangu,” Mideva akasema, “lakini yeye inamkaa vizuri zaidi. Na obusuma yake imeanza kuiva hadi ndani.”

Michelle akacheka mpaka machozi. Mathew naye akacheka, akafunga vizuri kamba za aproni, akarudi jikoni kusonga ugali.