Kapteni Asiyetoa Mji

Kitendawili! Nimeivua, bado nimeivaa. Ukishindwa, toa mji.

Jibu lake lilikuwa likiishi Kinole, kwenye nyumba ya bati jekundu chini kidogo ya barabara. Ni sare ya Kapteni Hamza Mkude. Sare yenyewe aliirudisha siku ya kustaafu, akatia saini, akapeana mikono na wakubwa, akapanda zake milimani kwao. Lakini mwili haukupewa taarifa. Hata chai aliinywa amenyooka kama mlingoti wa bendera.

Jeshini Hamza alikuwa ofisa siasa miaka ishirini na minane. Wenzake waliwafundisha askari namna ya kushika bunduki. Yeye aliwafundisha kwa nini waishike. Na kila somo alilifunga kwa maneno mawili: "Kuna swali?" Nao askari, waliosimama tangu alfajiri na njaa zao, walijibu kwa sauti moja: "Hakuna, afande!" Hamza akaondoka kifua mbele, akijua ameeleweka.

Maneno hayo akarudi nayo nyumbani. Siku moja alimweleza mkewe, Furaha, namna bora ya kupanga kuni, vipengele vitano vizima, akamaliza, "Kuna swali?"

"Lipo," akasema Furaha. "Hizo kuni unazipasua saa ngapi?"

Kipengele hicho hakikuwamo. Hapo Hamza akaona kwamba mwanamume wa miaka hamsini na miwili anayeshinda nyumbani ni jogoo wa pili kwenye banda moja. Lazima apate kazi, la sivyo atapata mchi wa kichwa.

Akashuka Morogoro mjini, kwenye kampuni ndogo ya viungo. Meneja wake, Jane, alikuwa mwanamke kijana mwenye maneno machache.

"Mzee, unaweza kuwashawishi watu?" Jane akamuuliza.

"Nimewashawishi vijana mia nne waamke saa kumi alfajiri, wakimbie kwenye mvua huku wakiimba."

"Na walikuwa na hiari ya kukataa?"

Hamza alikohoa. Akakohoa tena. Jane akacheka, akampa kazi ya majaribio ya miezi mitatu.

Kazi ilikuwa hii. Wakulima wa Kinole walianika pilipili manga chini, kwenye majamvi, kuku akipita na mbuzi akipita. Kampuni ikatumia miezi miwili ya mwanzo kujenga vichanja ishirini vya mbao na wavu karibu na ghala la kijiji, ili pilipili ikauke ikiwa safi. Hamza awapate watu wa kaya thelathini waanike hapo. Akiwapata, ana ajira. Akiwakosa, anarudi kwa Furaha na kuni zake.

Akaitisha mkutano barazani pa ghala. Wengi waliokuja walikuwa wanawake, na ndio hasa aliowataka, maana kwa Waluguru shamba ni la ukoo wa mama. Baba anaweza kulilima mpaka mgongo upinde, akabaki mgeni mheshimiwa. Mbele kabisa alikaa Mama Mkubwa Pili, dada wa marehemu mama yake Hamza, mwenye pilipili nzuri kuliko zote na ulimi mkali kuzishinda pilipili zake.

Hamza alihutubia saa moja na dakika arobaini. Alianza na uhuru wa nchi, akapita kwenye maadui watatu wa maendeleo, akafika kwenye vichanja watoto wachanga wote wameshalala.

"Kuna swali?"

Kimya.

"Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana!" Na makofi juu.

Akaandika ripoti: mwitikio asilimia mia moja. Wiki ikapita. Vichanja vikabaki vitupu, isipokuwa kimoja, ambacho kuku alikuwa ametagia mayai matano. Hamza akaitisha mkutano wa pili, akarefusha hotuba. Makofi yakazidi. Mayai yakawa tisa.

Siku ya mkutano huo wa pili, watu walipokuwa wakiinuka, Mama Mkubwa Pili alibaki amekaa.

"Mwanangu, umesema vizuri mpaka nimesahau nilichojia. Sasa na mimi nina langu dogo. Kitendawili!"

"Tega, Mama Mkubwa."

"Punda wangu ana miguu minne, mvua ikija hajui kukimbia."

Waliokuwa wakiondoka wakasimama. Hamza akatabasamu. "Kitanda."

"Kitanda kinalala ndani, mvua kitaionea wapi? Nipe mji."

"Meza."

"Nipe mji, mwanangu."

"Punda aliyekufa!"

Watu walicheka, mmoja akajishikiza kwenye nguzo. Sheria ya kitendawili hata mtoto anaijua: anayeshindwa hutoa mji. Aliyetega huupokea, hutamba nao kidogo, ndipo husema jibu. Bila mji, hakuna jibu.

"Mama Mkubwa," Hamza akasema, akinyooka, "ofisa hatoi mji. Hata kibanda hatoi. Nitafanya uchunguzi."

"Chunguza, Kapteni. Punda yupo, haendi popote."

Akachunguza kweli. Alinunua daftari, akaandika majibu arobaini na moja. Kila asubuhi alipita kwa Mama Mkubwa Pili, akamwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, akasoma matatu. Kobe? Hapana. Kiti cha mwenyekiti wa kijiji? Bibi akafikiri kidogo, akasema hapana, ingawa hicho nacho hakitoki. Siku ya nne Hamza akamgeukia mkewe.

"Furaha, wewe unalijua jibu?"

"Nalijua. Nilitoa Dakawa na mpunga wake wote, nikaambiwa palepale."

"Basi niambie."

"Mbona mimi nimetoa mji? Toa wako. Kijiji kizima kimeshatoa, umebaki wewe tu na daftari lako."

Siku ya tano Jane akapiga simu. "Kapteni, ripoti zako zinasema asilimia mia moja. Asilimia mia moja ya nini?"

"Ya makofi," Hamza akajibu, kwa kuwa uongo hakuuzoea.

Jane akasema, "Jumamosi miezi mitatu inatimia. Nitakuja mwenyewe."

Jumamosi Jane akaja, akapewa kiti pembeni. Baraza lilijaa. Hamza alisimama na kurasa kumi na mbili mkononi, akakohoa ili aanze na uhuru wa nchi. Kisha akainua macho.

Akaziona zile nyuso. Zimetulia, zimepoa, hazina neno. Alizijua. Ndizo nyuso za askari kwenye mvua saa kumi na moja, wanaongoja afande amalize wakanywe uji. Miaka ishirini na minane ziliangaliana naye kila asubuhi, na yeye akidhani ndivyo mtu aliyekubali anavyoonekana. Akazikunja karatasi, akazitia mfukoni.

"Mama Mkubwa Pili," akasema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyokusudia. "Yule punda amenishinda. Nakupa mji."

Baraza likalipuka kwa vigelegele. Jane akageuka huku na huku, hajui nani kaolewa.

"Mji gani?" akauliza bibi.

"Dumila."

"Dumila! Mji wa kuteremka kununua vitunguu na kupanda tena. Nitakaa juu ya gunia? Sitaki."

"Morogoro mjini."

"Ninao. Nilipewa na Abdi fundi seremala, nao mji huo umeniletea joto tu."

"Mama Mkubwa, unataka upi basi?"

Bibi alimtazama kwa upole. "Nataka ule uliokaa wewe miaka ishirini na minane. Nipe kambi."

Pakawa kimya, na kimya hiki hakikuwa kile cha "hakuna swali". Hamza aliuona uwanja wa gwaride, mawe yaliyopakwa chokaa, mti wa bendera. Akaona pia kwamba hakuna mtu huko aliyekuwa akimngoja.

"Chukua," akasema. "Nakupa kambi."

Mama Mkubwa Pili akainuka, akajifunga kanga kiunoni.

"Basi nikaenda! Nikafika kambini, nikawakuta askari wamepanga mstari. Nikawaambia, kaeni jamani, mna miguu ya kuazima? Nikawapikia uji wa tangawizi. Nikauliza kuna swali, wakaniuliza mpaka jua likatua: mama, mbona soksi zinatoboka? Mama, nyumbani hawajambo? Sasa wote wamenona. Haya, chukua jibu lako. Punda wangu ni kichanja!"

Hamza akakitazama kichanja kilichokuwa hatua kumi kutoka pale, miguu yake minne imechimbiwa chini, kuku juu yake.

"Mvua ya hapa haipigi hodi," bibi akaendelea. "Nikianika uani, wingu likitokea nakunja jamvi langu, naingia ndani. Nikianika kwako huku ghalani, nitakimbia kutoka kule ng'ambo ya mto na magoti haya? Nikifika, pilipili imeshakuwa supu."

"Mbona hamkusema?"

"Uliuliza lini?" akadakia mwanamke mmoja nyuma. "Wewe ulikuwa unauliza kama hakuna swali!"

Hapo ndipo yalipomiminika. Wavu una matundu makubwa. Vichanja ni virefu, wafupi hawafiki. Zamu ya kulinda ni ya nani? Hamza akatoa daftari, akafuta punda wote, akaanza kuandika maswali. Yalipofika ishirini na saba akasimamisha kalamu.

"Abdi," akamwita fundi. "Unaijua machela? Ile ya kubebea majeruhi. Miti miwili, katikati wavu. Tuseme kichanja kiwe machela, kikae uani kwa mtu juu ya miguu yake. Mvua ikija, watu wawili, huku na huku, ndani!"

Abdi akakuna kidevu. "Nusu siku naitengeneza."

"Punda wa kukimbia!" akasema Mama Mkubwa Pili. "Mimi niandike wa kwanza."

Walijiandikisha kumi na mmoja. Wengine walisema wataona kwanza ya bibi, na Hamza hakuwauliza kama wamekubali.

Jane akamfuata pembeni. "Kapteni, nilisema kaya thelathini."

"Ni kumi na moja, bosi."

"Na maswali?"

"Ishirini na saba. Majibu ninayo tisa."

Jane alilitazama daftari muda mrefu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kabla hajasema, kanga ikapita katikati yao.

"Binti, kama unataka kumfukuza, fikiri vizuri," akasema Mama Mkubwa Pili. "Kambi yake ninayo mimi, na siirudishi. Nyumbani kwake jogoo yupo, ni Furaha. Ukimwacha atakwenda wapi?"

Jane akacheka mpaka akaondoa miwani. "Jumatatu njoo mjini utie saini mkataba, Mzee. Na ripoti ijayo, nataka maswali tu. Makofi baki nayo."

Jioni ile Hamza alipasua kuni. Alipomaliza, alikaa jikoni kwenye kigoda, mgongo umepinda kama wa watu wote, akamtazama mkewe akikoroga mchuzi.

"Furaha, hivi wewe una swali?"

Furaha akafunika sufuria, akavuta kigoda chake karibu.

"Ninayo ya miaka ishirini na minane," akasema. "Kaa vizuri."