Mzoesha Miko

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitandaza gunia juu ya kaunta, akapanga miko ya plasta mmoja mmoja, mabapa yakitazama juu. Fundi mwanamke alivua saa yake akaitia mfukoni, kwa sababu hakupenda kitu kigongane na chuma wakati anasikiliza. Aliushika mwiko wa kwanza kwa vidole viwili, karibu na mpini, akaugonga kwa ukucha. Ulitoa mlio mfupi, wa sufuria yenye ufa. Akauweka kando. Wa pili ulilia vizuri, lakini alipoukandamiza kwenye ukingo wa kaunta kisha akauachia, bapa lilibaki limepinda kidogo. Wa tatu shingo yake ilikuwa imeungwa kwa kuchomelewa, na pale penye maungio palikuwa na vitundu vidogo vya sindano. Mwenye duka alisema huo ndio ambao watu wanakuja kuununua kila mara. Fundi akasema anaamini, ndiyo maana wanalazimika kuja kila mara.

Mwishowe alichukua mmoja uliokuwa nyuma kabisa ya rafu, una vumbi. Shingo na bapa vilikuwa kipande kimoja cha chuma. Mpini ulikuwa wa mti, umejaa kiganjani bila kukibana. Alienda nao mlangoni, akafumba jicho moja, akautazama ukingo wake dhidi ya mwanga wa barabarani. Ulikuwa umenyooka.

Mwenye duka aliufunga kwa gazeti, akasema kaka mtu ataufurahia huo, na asisahau kumfikishia salamu zake. Fundi akajibu kwamba zitafika.

Kaka yake alikuwa amekufa mwaka juzi, kwa kuangukiwa na ukuta.

Mwiko mpya ni mkorofi. Kingo zake ni kali na pembe zake zinauma, kwa hiyo ukiupitisha juu ya plasta mbichi unaacha mistari, mithili ya paka aliyepita akinoa kucha. Inabidi kwanza uuzoeshe. Unaupigisha plasta ya chini, ile ya mchanga mnene, siku nenda siku rudi, mpaka pembe zipoe na bapa lijifunze kuinama katikati bila kulegea. Mafundi wengi hawana subira hiyo. Wanausugua kwa jiwe jioni moja, asubuhi wanaingia nao kazini, na mwenye nyumba anaishi na mawimbi ukutani maisha yake yote. Kaka mtu alikuwa na subira tangu akiwa hai. Baada ya kufa ikaongezeka, na shughuli nyingine hakuwa nazo.

Alianza kuja siku ile waombolezaji walipomaliza kurudisha viti vya watu. Mama yao alikuwa ameinama nyuma ya nyumba anaosha vikombe. Mwanawe akaingia kwa geti la uani, amevaa suruali ileile ya kazi, nyusi zimejaa saruji. Mama akamwambia avue viatu kwanza, amefagia sasa hivi. Alivua. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akauliza kama kuna kazi yoyote. Dada yake wakati huo alikuwa na mwiko mpya uliokuwa ukimtesa, akampa. Akakoroga mchanga na saruji kwenye karai, akaanza na ukuta wa nyuma wa nyumba yao, kuanzia chini mpaka pale mkono wake ulipofika.

Tangu hapo hakukosa. Alikuja alasiri, kivuli cha kamba ya nguo kinapogusa kizingiti cha jiko, akaondoka watu wakiwasha taa. Alipiga plasta, akaisawazisha, akasimama kando kuitazama. Kabla hajaondoka plasta ilikuwa inapasuka. Ufa ulianza palepale kila siku, mahali ambapo pangekuwa kona ya dirisha, ukapanda kwa mshazari kwenda juu. Ukuta ule haukuwa na dirisha. Asubuhi mama alikuta plasta yote imeporomoka chini, ukuta mtupu, tayari kwa kazi ya siku hiyo. Akaifagia, akairundika kando ya geti, ambako majirani waliichukua kufukia mashimo ya njia.

Habari zikaenea. Mafundi wakawa wanaleta miko yao, na ile iliyotoka mikononi mwa marehemu ilifanya kazi vizuri hata kwa watu wenye mikono mizito. Walikuja wakiwa wameifunga kwa vitambaa, wakampa pole ya kazi, wakazungumza naye habari za mchanga na mvua. Hakuna aliyemuuliza kuhusu huko aliko. Ilionekana ni kukosa adabu, sawasawa na kumuuliza mgeni ataondoka lini.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo dada mtu aliwakumbusha getini kabla hawajaingia, na wengine aliwakumbusha kwa ukali. Wasiseme lile neno la pombe.

Maana mkandarasi aliyekuwa akijenga ile ghorofa alikofia kaka yake aliwaambia wakaguzi kwamba fundi huyo alikuja kazini amelewa, akaliegemeza jukwaa ukutani vibaya, ukuta ukamfuata. Wakaguzi wakaafiki, wakaenda zao. Msibani watu waliinong'ona habari hiyo huku wanapuliza chai. Wakati huo huo walijua kwamba marehemu maisha yake yote hakuwahi kuonja pombe, na hata juisi iliyolala aliitilia shaka. Walijua yote mawili na hawakuona shida. Dada mtu alikwenda ofisini kwa mkandarasi kumwomba aifute ile kauli. Alikaribishwa vizuri, akapewa kiti chenye mto, akaambiwa suala limeshafungwa na kulifungua ni kuitonesha familia kidonda. Alirudi nyumbani akakuta kaka yake anapiga plasta. Hakumwambia alikotoka.

Mkandarasi mwenyewe alikuja siku ya mawingu. Alikuwa na jengo jipya lenye korido ndefu, na kuta zake, taa zilipowashwa, zilionekana zimejaa mawimbi. Kwanza alimtuma dereva na boksi la miko, wote wa aina ile ya shingo ya kuchomelewa. Dada mtu alimrudisha dereva na boksi lake. Kwa hiyo bosi akaja na miguu yake, boksi amelikumbatia kifuani.

Dada alisimama katikati ya geti. Alikuwa ametoka kazini, mikono ina saruji mpaka kwenye viwiko, na alikata shauri kwamba huyu hapiti. Lakini sauti ilitoka nyuma yake.

"Mpishe bosi aingie."

Kaka yake alikuwa amesimama kando ya ukuta, mwiko mkononi. Alifuta kiganja kwenye suruali, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Naendelea hivyohivyo."

Mkandarasi aliliweka boksi chini, akaeleza shida ya korido zake. Marehemu aliutoa mwiko mmoja, akaugonga, akasikiliza, akasema chuma hiki ni laini na kitachukua muda, ila atajaribu. Mkandarasi akasema hana haraka, ingawa ana haraka. Walicheka kidogo, kama walivyokuwa wakicheka kazini zamani. Dada mtu alibaki getini. Hakuona mahali pa kuingilia maongezi ya watu wawili waliokuwa wanaheshimiana hivyo.

Ndipo plasta ikapasuka. Ufa ulianza kwenye ile kona isiyo na dirisha, ukapanda taratibu, ukitoa sauti ya karatasi nene inayochanwa. Mkandarasi akausogelea. Aliutazama kwa jicho la mtu anayeijua kazi yake, akafuatisha njia yake kwa kidole mpaka juu.

"Hapa pamekosa linta," alisema. Alikuwa na maana ya ule mhimili wa zege na nondo unaolala juu ya dirisha, ukibeba uzito wa ukuta.

"Niliiomba," marehemu akasema.

"Nakumbuka. Uliiomba mara mbili."

"Mara ya pili ukasema tuendelee tu, nondo zinakuja."

"Nilisema hivyo, kweli." Mkandarasi alijipangusa kidole kwa leso. Aliuokota mwiko mmoja uliokwishazoeshwa, wa fundi mwingine, akaupitisha hewani mara moja, akaridhika. "Mkono wako umetulia sana siku hizi. Heri umeiacha pombe."

Ndani, sufuria zilizokuwa zikigongana zilinyamaza. Mkandarasi alishukuru, akasema dereva atapita kuchukua boksi, akatoka kwa hatua za uangalifu ili viatu visishike saruji. Gari likasikika likigeuza.

Kaka mtu alibaki ameushika mwiko vilevile. Kisha akauliza, bila kugeuka, ni pombe gani.

Dada yake alimweleza. Alimweleza yote, tangu wakaguzi mpaka kile kiti chenye mto, na kila alipotaka kufupisha kaka alingoja mpaka amalizie. Alipofika mwisho, marehemu aliuliza ni nani walioamini. Dada akasema ni wengi. Akauliza kama na wao nyumbani waliamini. Dada akasema hawakuamini hata siku moja.

"Sasa mbona mlinificha?"

Mama ndiye aliyejibu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kitambaa begani.

"Ulishaangukiwa na ukuta, mwanangu. Hilo nalo sikutaka likuangukie."

Kaka mtu alikaa juu ya ndoo yake. Watu walikuwa wameshaanza kuwasha taa na yeye bado alikuwa amekaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mwishowe alimwita dada yake asogee, akafungua mdomo, akamwambia anuse.

Dada aliinama akanusa. Pumzi yake ilikuwa ya baridi. Ilinuka chumba kipya ambacho hakijapakwa rangi, mchanga uliolowa, vumbi la saruji, na kwa mbali kabisa damu iliyokauka.

"Ipo?"

"Haipo, kaka."

Mama naye akaja akanusa. Alinusa kwa muda mrefu, amefumba macho, kama alivyofanya enzi kijana huyo alipokuwa akichelewa kurudi na yeye akimsubiri mlangoni. Akatikisa kichwa kwamba haipo. Mwanawe akasimama, akaenda zake.

Kesho yake kulikuwa na ubishi. Dada mtu alitaka boksi la mkandarasi litupwe chooni. Kaka alikuwa ameshautoa mwiko wa kwanza na kuanza kuuzoesha. Alisema watakaoishika miko hii ni mafundi, na mafundi hawajamkosea kitu. Dada akasema baadhi yao walikuwepo siku ile ya ukuta, na walipoulizwa walitazama viatu vyao. Kaka akasema hata hivyo watu hao wana kuta za kupiga plasta. Dada alimtupia kitambaa, kikapita pembeni yake kikaangukia kwenye karai, na hawakusemeshana mpaka jioni.

Lakini tangu siku ile marehemu hakumpa mtu mwiko kabla hajamnusisha. Alifanya hivyo kwa upole. Aliushikilia mwiko kifuani, akasogea, akafungua mdomo, akangoja. Mafundi walinusa. Mwenye duka, aliyekuja siku moja kumjulia hali, alinusa. Dereva wa mkandarasi alivua kofia akanusa. Wote walisema haipo, tena walisema kwa sauti inayosikika. Dada mtu alisimama karibu kila mara, akizitazama nyuso zao, akaona kwamba hawasemi kumridhisha mtu. Walikuwa wanasema kweli.

Mkandarasi alipopita mwenyewe kushukuru kwa kuta za korido, zilizotoka laini kama ganda la yai, alinusishwa naye. Aliishika tai yake isiguse saruji, akainama, akavuta pumzi ya kutosha.

"Kweli, hamna kitu," alisema.

Dada mtu alimuuliza kama atawaambia wakaguzi hivyo. Hakupaza sauti. Mkandarasi alimtazama kwa huruma ambayo haikuwa ya kuigiza, akamjibu kwamba suala lile limeshafungwa. Akampa kaka mtu mkono, akamtakia kazi njema.

Jengo likamalizika, watu wakahamia. Juu ya madirisha ya ngazi, hakuna aliyeuliza chini ya plasta ile nzuri kumewekwa nini. Nyuma ya nyumba, ufa uliendelea kupanda kila alasiri, na mama akaendelea kufagia asubuhi.

Siku moja dada mtu alikuwa anarudi kutoka kazini, akamkuta fundi mgeni amesimama njia panda na mwiko mpya mkononi, anamuuliza muuza mkaa mahali pa kuuzoesha. Muuza mkaa alikuwa jirani yao. Alikuwa amemnusa marehemu juma lililopita, akasema haipo.

"Nyoosha na njia hii," alimwelekeza, "ukikuta geti la bati, uliza kwa yule mlevi aliyeangukiwa na ukuta. Ni mtu mwema sana. Atataka umnuse. Wewe mnuse tu."

Mgeni akashukuru. Kisha akamwona dada mtu na saruji yake mikononi, akamuuliza kama naye anaelekea huko. Dada akasema ndiyo, ni kwao. Wakafuatana.