Taa ya Upepo

Rodgers alisimamisha gari tena kabla hata hatujaiacha Maswa. Ile taa ya njano ya upepo wa matairi ilikuwa imewaka.

"Inawaka tangu mwaka jana," nilimwambia. "Fundi Machibya alishakuambia sensa ndiyo mbovu. Matairi ni mazima."

"Na siku ikisema kweli?" Akashuka na geji yake ya kupimia upepo.

Mume wangu ni mtu mwema, lakini siku ile nilimchukia. Baba alikuwa anakata roho kule Lingeka. Asubuhi kaka yangu Ngassa alipiga simu akasema mzee hataki maji, hataki uji, anamtaka mama tu. Mama alikuwa kwetu Bariadi akitibiwa macho. Sasa alikaa kiti cha nyuma, kajifunika kanga hadi usoni, maana kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani wala hawasemezani. Akiwa na neno, linapitia kwangu.

"Nyamizi, mwambie mkwe wangu, baba yako hatatungoja."

Nikamwambia Rodgers, kana kwamba hakumsikia mama. Alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la nyuma.

"Mwambie mama haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!" Hilo nilimjibu mwenyewe, sikutumwa na mtu.

Matairi yote yalikuwa sawa. Tukaondoka. Lami ilipoisha taa ikawaka, akasimama. Mbele kidogo ikawaka, akasimama. Ningemtukana, ila kaka yake alikufa kwa tairi lililopasuka karibu na Lamadi, na Rodgers ndiye aliyekwenda kumtambua. Hofu ya namna hiyo haina fundi, nami nilikuwa nimechoka kubembeleza.

Lingeka haikuwa mbali tena simu yangu ilipolia. Rodgers alikuwa chini, anapima. Alikuwa Ngassa. Nilisikia wanawake wakilia nyuma yake, na mama naye akasikia.

"Mayu," nilimwita.

Alifungua mlango mwenyewe, akapapasa ubavu wa gari mpaka alipokuwa mkwewe. Rodgers akainamisha uso upesi, kwa adabu. Mama akaitoa kanga usoni.

"Rodgers." Sikuwahi kumsikia akilitamka jina hilo. "Pima vizuri, mwanangu. Hatuna haraka tena."