Paa la Daimu Linavuja

Tundu lenyewe lilikuwa dogo, kiganja cha mtu mzima kingelifunika. Chiku aliliona tangu kiangazi, jua lilipopenya kwenye nyasi za paa na kuchora duara jeupe sakafuni, karibu na ukuta wa nyuma. Kila alipoliona alijisemea kwamba mumewe Daimu akirudi ataliziba. Ndivyo nyumba zinavyotuharibikia, mama mwenzangu, huku tunaziangalia kwa macho yetu.

Kwa mengine Chiku hakuwa mvivu hata kidogo. Nyumba yake ilikuwa mteremkoni, chini ya milima ya Matogoro, mwendo wa asubuhi moja hadi bomani Songea. Alifagia kabla ya jua kuchomoza, ndani na nje, mpaka ua ukawa mwekundu mtupu. Sakafu aliisiriba kila juma kwa udongo na samadi, na ng'ombe walipochukuliwa na askari wa Mdachi, Mjerumani wa bomani, akaendelea kwa udongo na majivu. Watu walimcheka. "Vita vimekuja na wewe unapamba!" Lakini siku ile askari walipochoma nyumba za bonde zima, moto ulitambaa mpaka kwenye ua wa Chiku, ukatafuta jani kavu la kushika, ukalikosa, ukafa wenyewe. Tangu hapo hakuna aliyemcheka, na yeye akaingiwa na kiburi kidogo, akadhani nyumba yake haiwezi kumtupa.

Ndani waliishi watu watatu. Yeye, binti yake Mwanaheri wa miaka sita, na Biasha, mama yake Daimu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Daimu mwenyewe alikamatwa mwanzoni mwa vita, akabebeshwa mizigo kuelekea Tunduru. Miezi kumi na moja ilipita bila neno.

Na kulikuwa na ulezi. Vyungu viwili vya mbegu, vimefukiwa chini ya sakafu, karibu na ukuta wa nyuma, kimoja juu ya kingine. Midomo yake ilikuwa imezibwa kwa majani ya mgomba na udongo, na sakafu ikasiribwa juu yake ikawa laini kama sehemu nyingine. Watu walikuwa wanakula mizizi, wengine wanachemsha ngozi. Mbegu ile ndiyo iliyokuwa mwaka ujao wa nyumba nzima. Amri ya boma ilikuwa moja: atakayeonekana ameficha chakula, chakula kinachukuliwa, nyumba inachomwa, mwenye nyumba anafungwa kamba shingoni.

Mvua ya kwanza ilishuka mchana mmoja, nzito. Tundu likaanza kudondosha maji mahali pale pale palipofukiwa mbegu. Chiku alifanya nini? Aliweka chungu cha kukinga. Alfajiri ya siku ya tano alikwenda na Mwanaheri porini kuchimba mizizi, mvua ikarudi, na Biasha, miguu haimsaidii, akakiona chungu kinajaa, kinamwagika, asiweze kukiinua.

Kesho yake asubuhi Chiku alipofagia, ufagio ulizama. Alipiga magoti akagusa. Sakafu ilikuwa imebonyea, mviringo kamili, upana wa mdomo wa shimo. Hata mgeni angeingia angejua kwamba hapa pamechimbwa.

"Mama," alimwambia Biasha, "nisikilize usikasirike. Mawingu yamejaa tena. Nikisiriba sasa bila kuziba juu, ni kazi bure. Naomba nipande paani."

Biasha alikuwa anachambua majani ya maboga. Mkono ulisimama.

"Mwanangu umemzika lini?"

"Sijamzika, mama."

"Basi unapandaje paa lake? Kwetu mwanamke hapandi paa mumewe akiwa hai. Siku anayopanda, ndiyo siku anayosema amebaki mwenyewe. Mama yangu alipanda mara moja tu, na tulikuwa na matanga."

"Na mbegu ikioza?"

"Ikioza imeoza. Nilizaa mtoto mmoja. Hutanizikia mtu ambaye sijaiona maiti yake."

"Bibi," Mwanaheri alidakia, "mimi ni mwepesi, nipande mimi?"

"Wewe ndiyo ufunge mdomo kabisa!"

Nje ngurumo ilipita upande wa Matogoro, ikakokota mkia mrefu. Chiku akafikiri: nikiendelea kumheshimu huyu mama, mtoto wangu atakufa kwa njaa na heshima yangu. Alitoka, akafunga miganda mitatu ya nyasi kavu aliyoihifadhi kwenye uchaga, akaegemeza gogo ukutani, akapanda.

"Chiku! Shuka! Chiku, unamuua mume wako!"

Hakujibu. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mikono ilikuwa inapapasa nyasi zilizooza, inazing'oa. Alikuwa amefika kwenye tundu alipoinua kichwa akatazama bondeni. Watu walikuwa wanapanda njia, mmoja nyuma ya mwingine. Bunduki mabegani.

"Mama," aliita kwa sauti ya chini, mdomo kwenye tundu. "Askari wanakuja."

"Wangapi?"

"Sita. Bakili yuko mbele yao." Bakili alikuwa mtu wa bonde hilo hilo, rafiki wa Daimu tangu utotoni. Nyumba yake iliungua, naye akawa anawaonyesha askari njia ili apate kula. "Nashuka, nije nisiribe."

Chiku alichungulia. Alimwona Biasha anatazama sakafu iliyobonyea, kisha anatazama juu, na uso wake ukabadilika.

"Usishuke," Biasha alisema. "Baki huko huko. Waone kwamba uko juu. Usiseme neno."

Alijivuta kwa matako mpaka ukutani, akakisukuma chungu cha kukinga pembeni, akakaa juu ya ule ubonyeo na kutandaza kaniki yake iufunike wote. Akajifunika kichwa. Halafu akaanza kulia.

Chiku aliganda. Hakuwahi kusikia kilio kile tangu alipoolewa. "Daimu we! Daimu mwanangu, umeniachia nani?"

Askari walipoingia uani walimkuta mwanamke juu ya paa amelala kifudifudi, nyasi mkononi. Bakili alisimama kama aliyepigwa ngumi ya tumbo.

"Daimu naye?" aliuliza.

Chiku alifungua mdomo. Kusema ndiyo hakuweza, kusema siyo hakuthubutu. Aliinamisha uso kwenye nyasi.

Mkubwa wao, waliyemwita ombasha, aliingia ndani na askari mmoja mwenye fimbo ndefu yenye ncha ya chuma. Kupitia tundu Chiku aliona kila kitu. Fimbo ilichomwa karibu na mafiga, ikagonga udongo mgumu. Ikachomwa mlangoni, ikagonga. Chini ya kitanda, ikagonga. Kipande cha nyasi kilidondoka kutoka mkononi mwake, kikazunguka hewani, kikatua begani kwa Biasha.

Fimbo ilifika kwenye ukuta wa nyuma.

"Mwinueni huyu," ombasha alisema.

"Afande," Bakili alisema akiwa mlangoni, "ana msiba."

"Wote wana msiba. Nchi nzima ina msiba. Mwinueni."

"Mwanawe wa pekee. Namjua, afande, tumecheza wote. Tazama juu. Kwetu huku mwanamke hapandi paa mumewe akiwa hai, afadhali alowe mpaka asubuhi. Ukimwona juu, jua mwenye nyumba hayupo tena."

Ombasha aliinua uso. Macho yake yakakutana na jicho la Chiku kwenye tundu. Walitazamana. Chiku alihisi tone la jasho linamtoka puani, linaning'inia, na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Baba hajafa!" Mwanaheri alipiga kelele kutoka pembeni. "Bibi muongo! Baba anarudi, mama amesema anarudi!"

Biasha alimkamata mtoto, akamkandamiza kifuani kwa nguvu, akalia juu ya kichwa chake. Mtoto naye akaangua kilio cha kweli.

Ombasha alivua kofia. Alikuwa Mwislamu, mtu wa mbali, na pengine alikuwa na mtoto mahali fulani. "Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un," alisema. Akamgeukia mwenye fimbo. "Toka. Hatuchimbi chini ya mfiwa."

Walichukua kibuyu cha chumvi kilichokuwa mlangoni, wakaenda zao. Bakili alibaki nyuma kidogo. "Pole, shemeji," alisema kwa sauti iliyokatika, akawafuata.

Chiku alisubiri mpaka kofia ya mwisho ilipopotea bondeni ndipo akashuka. Alimkuta Biasha bado analia, Mwanaheri amejibanza kwake.

"Wameondoka, mama. Nyamaza. Umetuokoa, nyamaza sasa."

"Nilikuwa nawadanganya," Biasha alisema. "Nilipotaja jina lake mara ya tatu nikaona sidanganyi tena. Miezi kumi na moja, Chiku. Wewe ulijua?"

"Sikujua, mama. Hata sasa sijui."

"Mimi nimejua." Alijisogeza pembeni. Kaniki yake ilikuwa imelowa nyuma, nzito kwa tope. "Chimba."

Chiku alichimba kwa mikono. Udongo ulitoka kama uji. Chungu cha juu kilikuwa kimekaa wazi, majani ya mgomba yamelainika na kuzama ndani. Harufu ilimpanda kabla hajatia vidole, harufu ya pombe iliyochacha. Ulezi ulikuwa mweusi, umeshikana mabonge, na mabonge mengine yalikuwa yametoa nywele nyeupe za ukungu.

"Tupike huo, mama," Mwanaheri alisema. "Utaiva tu."

"Utakuua huo." Chiku alikitoa nje, akakimwaga mbali na ua, akafukia. Alirudi akapapasa chungu cha chini. Udongo wa mdomoni ulikuwa mgumu bado. Alipoupasua, ulezi ulimwagika kiganjani mkavu, mwekundu, unateleza.

Mawingu yalikuwa yameshuka. Alipanda tena paani, na safari hii hakuomba ruhusa. Biasha ndiye aliyeketi mlangoni akafunga miganda na kumrushia, anaelekeza kwa hasira: "Bana! Bana zaidi! Huko ndiko maji yanakopita!" Kazi yote haikufikia muda wa kuchemsha chungu cha maji.

Mchana mvua ilinyesha, na sakafu haikupata tone. Ilipokatika, walikwenda shambani wote watatu, Biasha kwa mkongojo, wakarusha mbegu kabla udongo haujakauka. Walirusha kwa ubahili, punje kwa punje, Mwanaheri nyuma akifunika kwa tawi.

Mbegu ilikwisha katikati ya shamba. Chiku alisimama pale ilipoishia, ungo mtupu mkononi, na mbele yake ile nusu nyingine ilikuwa imelimwa vizuri, imesafishwa magugu yote, na hakuwa na kitu cha kuipa.