Kuni Zilizofunikwa Gubigubi

Usiku wa jana, mwanangu alipochoka kukohoa akanilalia mkononi, niliota niko jikoni nataka kumpashia maji ya kuoga, na kuni zimegoma.

Moto zilishika. Ila gogo la mti wa mwati nililoliweka katikati ya mafiga lilijivuta nyuma kidogo, likapangusa povu mdomoni, likaniambia, "Dada, subiri. Naanza na ya kwangu."

"Ya kwako nini?"

"Maji. Humu ndani nina maji yangu. Lazima niyachemshe yaishe, ndipo nifikirie ya mtoto wako."

"Na huu moshi wote?"

"Mwingi ni jasho langu. Usidhani nafanya makusudi."

Nililielewa. Hata ndotoni mimi ni mtu wa kuelewa. Mwalimu Sigalla anayetufundisha masomo ya jioni husema huo ndio ugonjwa wangu, naelewa kabla swali halijaisha.

Niseme kidogo mambo yalivyo hapa nyumbani, maana ndoto iliyajua yote. Nakaa na mama mkwe, huku milimani Njombe. Mume wangu, Obedi, yuko mbali anapasua mbao. Kwa ukoo wao, mimba ikishajulikana tu, mama mkwe hukata kuni za uzazi. Hupasuliwa, zikapangwa nyuma ya nyumba, na haruhusiwi mtu kuzigusa mpaka mtoto azaliwe, ili mzazi aote moto usio na moshi. Mama mkwe alizikata zangu kwa mikono yake. Akazifunika na turubai la kijani kutoka juu mpaka chini, gubigubi, akalifunga kamba kama mtu anayefunga mzigo wa safari ya mbali.

Lutengano akazaliwa. Tukafungua. Kuni zilikuwa mbichi kama zimekatwa juzi.

Sasa mtoto hata kukaa hajajua, lakini kukohoa anajua. Nesi wa kliniki alimsikiliza kifua, akaniuliza mnapikia nini. Nikamwambia kuni. Akasema moshi huo ukiendelea, kikohozi kitashuka kwenye mapafu, na kikishuka tutalazwa. Nikarudi nikamwambia mama mkwe, mama, tuziachie kuni hewa. Akanijibu, "Huku ni Njombe, mwanangu. Hewa yetu ni maji." Akaenda akakaza kamba.

Basi huko ndotoni nikaliuliza gogo, "Utakauka lini?"

"Nikishaisahau mvua."

"Na utajuaje kwamba umeisahau?"

"Nitapasuka mdomoni. Halafu nikigongwa nitalia. Twende ukaone wenzangu wanavyofanyiwa."

Likashuka mafigani. Nikambeba mtoto mgongoni, nikafungua mlango wa jikoni, tukatokea darasani.

Ni darasa letu la jioni, ila nje ni asubuhi. Kwenye madawati wameketi magogo, wawili wawili, wamenyamaza. Mbele amesimama figa. Jiwe lile lile la jikoni kwetu, jeusi upande mmoja, na limevaa sweta la Mwalimu Sigalla. Hakuna anayeshangaa, nami sishangai.

"Leo ni mtihani," anasema figa. "Mtakuja mbele, mtagonganishwa. Anayelia 'ti' ataenda jikoni. Anayelia 'pu' atarudi kupangwa."

Wanakwenda. Wawili wa kwanza, wembamba, wana nyufa usoni kama miale ya jua. Wanagonganishwa: ti. Sauti safi, kama kijiko kwenye kikombe cha bati. Wawili wengine, wanono, wanang'aa gome. Pu. Wanarudi wakitazama chini.

"Mama Lutengano."

Nasimama. Sina mwenzangu. Gogo langu la mwati linajitolea, linasema, "Huyu tumekuja naye." Tunagonganishwa paji kwa paji.

Pu.

"Nani kati yetu?" nauliza.

"Gogo, bado," anasema figa. "Na wewe, bado."

"Bado nini, mwalimu?"

"Bado tu. Kaa. Hakuna aibu kwenye bado. Aibu ni ya anayekuwasha kabla."

Nikakaa. Nilifikiri maneno yale kwa muda, kwa sababu nimekuwa nikiona haya kusoma na watu wanaonizidi, wengine wanajibu kwa Kiingereza hata wasipoulizwa. Kumbe mtu unaweza kuwa umepangwa tu, unangoja upepo wako. Nilitaka kuliuliza figa kama mimi nitapasuka wapi, lakini likaninyooshea kidole, ingawa figa halina vidole.

"Mlete na mtoto."

"Mtoto hagongwi," nikasema.

Darasa zima likageuka kunitazama. Gogo langu likaninong'oneza, "Usibishane nalo, lina hasira za moto."

"Hagongwi," nikarudia. "Hata ukinifukuza."

Figa likashuka polepole, zito, likaja mpaka dawatini kwangu. Kwa kuwa halina sikio, likaweka ubavu wake wenye joto mgongoni kwa mwanangu, likatulia. Sote tukasikia. Kutoka ndani ya kifua chake kulikuwa na sauti ndogo, sss, sss, kama kuni mbichi inapoanza kutoa povu.

"Mfungue," likasema figa.

Nikamshusha. Nikatoa kanga. Nikatoa blanketi. Nikatoa blanketi la pili, na shali, na sweta alilofumiwa na shangazi yake. Chini ya sweta nikakuta turubai la kijani. Limemzunguka mtoto kutoka shingoni mpaka nyayoni, na limefungwa kamba, fundo la mama mkwe kabisa, silikosei.

"Nani kamfunika hivi?"

"Baridi," nikasema.

"Baridi haifungi fundo."

Nami nilikuwa nimefunga la kwangu juu yake, la kanga.

"Kuni mmezivisha kama mtoto," likasema figa, "na mtoto mnamkausha kwa moshi kama kuni. Mkirudi, mbadilishe."

Nikalishika lile fundo nilifungue. Likakaza. Likasema kwa sauti nyembamba, ya heshima, "Samahani, dada. Nilifungwa na mkono mwingine. Kwako sifunguki."

Nikamwinua mwanangu na turubai lake. Nilipogeuka kutafuta mlango, ukuta wa darasa ulikuwa ni ukuta wa nyuma ya nyumba yetu.

Mama mkwe ameketi juu ya kuni za uzazi. Ameziatamia kama kuku, amekamata pembe za turubai kwa mikono yote miwili. Mbele yake amesimama mwanamke simjui, mrefu, kitenge kinapepea ingawa kila kitu kingine kimetulia. Ameshika ndoo tupu.

"Kamwene, mama," namsalimu mama mkwe.

"Kamwene. Mwambie huyu aende zake."

"Nimetumwa kazi," anasema yule mwanamke. Hana haraka, amechoka tu. "Mimi ni upepo. Kazi yangu kubeba maji. Jua likitoka napita katikati ya kuni, kila mmoja ananipa tone, naondoka. Hapa tangu zipangwe sijaingia. Nazunguka nje kama mgeni aliyefungiwa mlango."

"Mgeni gani anakuja na ndoo tupu?" anasema mama mkwe.

"Anayekuja kuchota."

"Usinijibu jibu."

"Mama, mpishe," nasema.

"Nimpishe aniingizie ukungu? Wewe umekuja juzi hapa na mabuku yako ya jioni. Mimi hawa upepo nawajua, wanaingia na kavu wanatoka na mbichi."

"Na kuni zako sasa hivi ni kavu?" anauliza yule mwanamke.

Mama mkwe alitazama mikono yake. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kuniambia tangu niolewe.

"Nilipomzaa Obedi, kuni zangu zililowa. Mvua ilipiga, hakuna aliyezifunika. Nilikaa na kichanga kwenye baridi mpaka akawa rangi ya jivu, nampulizia pumzi vidoleni. Nikasema, mkwe wangu hatakaa hivyo. Hata iweje. Nitazifunika mpaka ardhini."

Kitenge cha yule mwanamke kilitulia.

"Nakumbuka mvua ile," akasema upepo. "Ilitoka juu, mama. Juu hukuwa na kitu. Sasa juu umefunika, umefanya vizuri. Ila pembeni ni kwangu mimi. Ukiziba pembeni, maji yao wanabaki nayo, wanayavuta na kuyatema usiku kucha humo ndani. Na chini umewalaza kwenye udongo. Udongo haujui kushiba wala kunyima, utawanywesha tu. Walaze juu ya fito."

"Juu tu nifunike."

"Juu tu. Na waliojaa mno wapasue tena. Gome ni koti."

Mama mkwe akanigeukia mimi, si upepo. "Na zikilowa?"

Nilijua swali lile halikuwa la kuni.

"Zikilowa, mama, tutakaa baridini wote wawili. Tutampulizia kwa zamu."

"Hayo maneno ya darasani kwenu."

"Hapana. Hayo ni ya kwangu."

Ndipo Lutengano akakohoa. Alikohoa mara moja, kikohozi chake kile cha kukauka, na chini ya turubai, chini ya mama mkwe alivyokaa, kuni zikamwitikia. Zikakohoa zote. Nene kwa sauti nene, nyembamba kwa sauti nyembamba, zile za chini kabisa kwenye udongo zikikohoa kama wazee kanisani. Mama mkwe alikuwa anatikisika juu yake.

"Zinakohoa," akasema taratibu.

"Muda mrefu," akasema upepo.

Mama mkwe akashuka. Akaweka kidole kwenye fundo. Alikaa hivyo, kidole juu ya fundo, ananitazama mimi na mtoto, na mimi nikawa nataka kumwambia kwamba simlaumu, kwamba ningekuwa yeye ningefunga mafundo zaidi, lakini mdomo ulikuwa mzito kama umejaa maji. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Lutengano alikuwa amelala ubavuni kwangu, jasho shingoni. Nikampunguzia blanketi moja. Dirisha dogo la jikoni, ambalo hufungwa kwa gunia wakati wote wa baridi, lilikuwa wazi, na jikoni hakukuwa na moshi kwa sababu hakukuwa na moto.

Nikatoka nyuma ya nyumba na mtoto begani.

Mama mkwe alikuwa ameinama. Kuni zote alikuwa amezishusha, sasa anazipanga upya juu ya fito mbili, anaacha nafasi kati ya moja na nyingine, magome yakitazama juu. Zile nene alikuwa amezitupa pembeni, karibu na shoka. Turubai lilikuwa limekunjwa likawa dogo, linangoja kuwa paa tu. Kanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini kwa umande.

Sikusema habari za ndoto. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuka.

"Moto sijawasha," akasema. "Chai nimechemshia hapo jirani, kwa mama Tweve. Kuni zake zimekaa sana, zinawaka kama karatasi. Amesema tupikie kwake mpaka hizi zikubali. Nyembamba tutaziweka uchanjani kwake juu ya mafiga, zipate joto la jiko."

"Ahsante, mama."

Akachukua vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio lake. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Alisikiliza, akaviweka kwenye rundo bila kusema vimemjibu nini. Lutengano akapiga chafya, akatabasamu, akashangaa mwenyewe.

"Mama Lutengano," akasema mama mkwe, bado amenipa mgongo. "Yule mwanamke wa ndoo ni wa ukoo gani? Kaondoka bila hata kunywa chai."

Nilimshika mtoto vizuri. Nikamwambia ukoo wake siujui, lakini nafikiri atarudi jua likitoka.

"Basi akija," akasema, akiinua kipande kingine cha mwati na kukitafutia pa kukaa, "usimsimamishe nje."